Hazina ya mfalme wa kubuni

Wapo walimu wenzangu wanaoshikilia kwamba hadithi za falme za kubuni, zenye majini, majoka, panga na ngome, ni chakula cha watoto wadogo, na kwamba mwanafunzi aliyekwisha kupevuka hana budi kuziacha na kusoma mambo ya kweli. Maoni hayo nayapinga. Naona kwamba hakuna darasa la siasa lililo wazi kuliko ufalme ambao haukuwahi kuwako, maadamu mtunzi wake ameukubali wajibu wa kutueleza mfalme anakula nini, chakula hicho hulimwa na nani, na ni kuhani gani anayekibariki.

Tuanze nyumbani. Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze mwaka wa 1952. Wengi wetu tunakikumbuka kitabu hicho kwa ajili ya manyani wawili wanaopigwa mijeledi kila usiku, nao kumbe ni watu, Hasidi na Mwivu, ndugu zake Adili. Lakini ni nini kilichoifichua siri hiyo? Ni kodi! Mfalme Rai wa Ughaibuni aliona kwamba kodi ya Janibu haijafika, akamtuma Ikibali kwenda kuidai, na huyo mtoza kodi ndiye aliyeona yaliyokuwa yakitendeka usiku katika nyumba ya Adili. Bila ya daftari la hazina kisa kizima kingebaki gizani. Wala hili si la kustaajabisha kwa mtu ajuaye maisha ya mtunzi, kwa maana Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, tangu 1926 hadi 1944. Alijua dola huishi kwa nini. Katika kitabu hicho hicho dini nayo imo: upo mji ambao watu wake wamegeuka mawe kwa sababu ya ibada ya masanamu. Na biashara ya baharini imo, pamoja na wivu unaozaliwa na urithi uliogawanywa sawasawa lakini ukatumiwa visivyo sawa.

Nikiwaambia vijana hayo, hunijibu kwamba wao wanapenda zaidi hadithi za Wazungu, hasa zile za George R.R. Martin, Mmarekani ambaye kitabu chake cha kwanza katika mfululizo wake mashuhuri kilitoka mwaka wa 1996. Vyema. Na tuutazame ufalme wake. Katika kitabu hicho cha kwanza, waziri mpya anafika mjini na kuambiwa kwamba serikali ina deni la zaidi ya vipande milioni sita vya dhahabu, na karibu nusu yake inadaiwa na ukoo mmoja tu, ukoo wa mkewe mfalme. Mfalme anaendelea kuandaa karamu. Katika kitabu cha nne, kilichotoka mwaka wa 2005, Cersei, mama yake mfalme mtoto, anagundua kwamba hazina inadaiwa na wakuu wa dini vipande zaidi ya laki tisa. Fedha hana. Basi anafanya biashara: deni lifutwe, naye awaruhusu wanadini kushika tena silaha, jambo ambalo wafalme wa zamani walilipiga marufuku. Anajiona mwerevu kupita kiasi. Haupiti muda mrefu, dini hiyo hiyo aliyoirudishia meno inamtia yeye mwenyewe kizuizini kwa uzinzi wake. Sijui kitabu cha uraia kinachoeleza vizuri zaidi jinsi serikali yenye madeni inavyoweza kuuza mamlaka yake kipande kwa kipande, pasipo raia hata mmoja kuulizwa.

Mwaka wa 2014 Martin huyo alimlaumu kwa upole mtangulizi wake, J.R.R. Tolkien, ambaye mfalme wake Aragorn anatawazwa mwishoni mwa hadithi na kusifiwa kuwa mwema. Alitaka kujua: sera yake ya kodi ilikuwa ipi? Je, aliweka jeshi la kudumu? Swali ni zuri, na kwa sehemu ni la haki. Hata hivyo naona Martin amemwonea mzee huyo kidogo. Tolkien anatuambia kwamba majeshi ya yule dhalimu wa Mordor yalilishwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa, na kwa ushuru ulioletwa kutoka nchi zilizo chini yake. Tena Aragorn, mara baada ya kutawazwa, aliwafungua watumwa hao na kuwapa nchi yote iliyozunguka ziwa Núrnen iwe mali yao. Kama hiyo si sera ya ardhi, basi ni nini? Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa uzito wa mstari mmoja kama huo.

Ninalosikitikia ni insha za vijana wetu wenyewe. Nimesahihisha nyingi za aina hii. Theluji inaanguka, ngome inang'aa kwa dhahabu, mfalme ana wapanda farasi elfu kumi, na hakuna hata mkulima mmoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Farasi hao wanakula hewa. Theluji ya nini, na Kilwa ipo? Ibn Battuta alifika huko mwaka wa 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa watu wake, sarafu za shaba zilitolewa kwa jina lake, na jumba la Husuni Kubwa lilisimama juu ya mwamba likitazama bahari. Msafiri huyo anamsifu kwa ucha Mungu: alivamia nchi za makafiri wa bara, na katika ngawira aliyoipata akatenga fungu la tano kwa matumizi yaliyoamriwa na dini.

Siasa, uchumi na dini zimekutana hapo katika tendo moja, wala hatukuhitaji joka. Mimi ningemwomba mwalimu awape wanafunzi wake kazi hii: waandike juu ya ufalme wa kubuni unaofanana na huo, wenye majini wakitaka, lakini msimulizi asiwe sultani wala mgeni wake. Awe mwenyeji wa kijiji kimoja cha bara, asubuhi ya pili baada ya uvamizi, akihesabu kilichosalia ghalani.