Bima Juu ya Roho ya Mtu Mwingine



Yako maneno yanayopita siku hizi katika ofisi zetu za Makurunge, nasi hatuoni kuwa yafaa kuyaacha yapite bila ya kujibiwa. Baadhi ya wenzetu wanasema ya kwamba karani mwenye mshahara wa hakika angefanya vema kukata bima juu ya maisha ya watu wengine: mjomba aliye mzee, jirani aliye mgonjwa, au rafiki anayedaiwa. Hoja yao ni hii: “Ada nalipa mimi, basi fedha ni yangu; naye akifa kwa ajali yake, nimemdhuru nini?” Sisi twaipinga hoja hiyo, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, hatusemi ya kuwa bima ni kitu kibaya. Mume akikata bima juu ya maisha ya mkewe, au mke juu ya mumewe, hilo ni jambo la busara, kwa kuwa mmoja akiondoka mwingine hupungukiwa na riziki. Washirika wawili wa duka kadhalika. Kila mmoja wao humwombea mwenziwe uzima, maana kifo cha mwenziwe ni hasara yake. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo zima: akataye bima juu ya mtu na awe ni yule atakayepata hasara kwa kifo chake, wala si yule atakayepata faida.

Msingi huo hatukuutunga sisi. Katika karne ya 18 watu wa Uingereza waliwekeana kamari juu ya maisha ya wakubwa wao, na hati za bima ndizo zilizokuwa karata zao. Mwaka 1774 Bunge lao likatunga sheria yenye mambo matatu. La kwanza, mtu asiye na maslahi katika maisha ya mwingine asikate bima juu yake. La pili, jina la mwenye maslahi liandikwe ndani ya hati. La tatu, asilipwe zaidi ya kadiri ya maslahi yake. Ikiwa watu walioanza kuuza bima kabla yetu waliona haja ya kujifunga kamba hiyo, sisi twajifungua kwa sababu gani?

Wenzetu watasema ya kwamba twawadhania mabaya. Basi na watazame Afrika ya Kusini. Nomia Rosemary Ndlovu alikuwa askari polisi, mtumishi wa Serikali mwenye mshahara kama sisi. Aliwakatia bima watu wake, na kati ya mwaka 2012 na mwaka 2018 watu sita wakauawa: watano jamaa zake, na wa sita mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani na kumpa vifungo sita vya maisha. Fedha za bima alizopokea zilikuwa kama randi milioni 1.4. Hatusemi ya kuwa kila akataye bima ni muuaji, la hasha! Twasema ya kwamba hati zile ziliuzwa na ada zake zikapokelewa, na wale waliokatiwa hawakupata wa kuwatahadharisha. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuje kwa mdai, maana hapa ndipo jambo linapotugusa sisi sote. Zamani za misafara, matajiri wa Unguja na Bagamoyo, mfano Taria Topan na Sewa Haji, walikuwa wakitoa bidhaa na fedha kwa mkopo kwa watu waendao bara. Mkopaji akifa njiani, mali huenda ikapotea pamoja naye. Leo mdai ni benki, na mkopaji ni mwalimu, mganga wa zahanati au karani wa kata, anayekatwa mshahara wake kila mwezi. Siku ya mkopo hukatwa pia ada ya bima, ili mkopaji akifa deni lilipwe. Maslahi ya mdai hapo ni ya haki, nasi hatuyakatai. Dawa ya deni ni kulipa.

Lakini ada ile hutoka katika fedha ya nani? Hutoka katika fedha ya mkopaji. Hati huwekwa na nani? Huwekwa na mdai. Wangapi miongoni mwetu wanayo nakala nyumbani? Tumeona mjane wa mwenzetu akiuza mbuzi na mabati ili kulipa deni la marehemu, hali marehemu alikwisha katwa ada ya bima siku ile ile alipokopa. Hakuna aliyemwambia mjane, naye hakuwa na karatasi ya kuuliza kwayo.

Jambo hili la mdai kutaka kulipwa mara mbili si geni. William Pitt, Waziri Mkuu wa Uingereza, alifariki mwaka 1806 akiwa na madeni. Mafundi waliomtengenezea magari ya farasi walikuwa wamekata bima ya paundi 500 juu ya maisha yake. Deni lao likalipwa kwa fedha iliyotolewa na Bunge. Hata hivyo wakaidai na fedha ya bima. Mwaka 1807 majaji wakawakatalia, kwa kuwa hasara yao ilikwisha lipwa. Lakini mwaka 1854 majaji wengine waliigeuza kanuni hiyo, wakasema yatosha maslahi yawepo siku ya kukata bima. Angalieni, ndugu zetu: kwa kanuni hiyo ya pili deni laweza kwisha, na hati juu ya roho yako ikabaki hai mkononi mwa mtu usiyemwia kitu tena!

Na kwa waajiri ni vivyo hivyo. Huko Marekani makampuni makubwa yalikata bima juu ya maisha ya watumishi wao wa chini pasipo wao kujua. Mtumishi akifa, fedha ikaenda kwa tajiri. Ndipo mwaka 2006 ikatungwa sheria kwamba tajiri asiyemjulisha mtumishi kwa maandishi na kupata ridhaa yake asisamehewe kodi katika fedha hiyo. Linganisheni na Sheria yetu ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008: mwajiri huchangia, na mtumishi akiumia au kufa kwa ajili ya kazi, fidia humwendea yeye au wategemezi wake. Hiyo ndiyo njia iliyonyoka.

Wako na wengine wanaosema ya kwamba kuitaja bima ni kujiletea uchuro. Hao twawajibu kwa upole: kifo hakingoji kutajwa, na nyumba isiyojiandaa ndiyo inayolia mara mbili. Na wale ambao dini yao huwatia shaka katika bima ya kawaida, waulize masheikh wao habari za takaful.

Kwa hiyo twakiomba Chama kifanye maazimio haya. Mwanachama asikate bima juu ya mtu ambaye kifo chake si hasara kwake, wala asikate juu ya yeyote pasipo ridhaa yake. Kila akopaye adai nakala ya hati kabla ya kutia sahihi, aulize ni nani atakayelipwa, na ziada juu ya deni itakwenda kwa nani. Deni likiisha, apate barua ya kuwa bima nayo imekwisha. Mke au mume aonyeshwe mahali karatasi zilipo. Na mwenye kudhulumiwa asinung'unike barazani tu: iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Chama kimsaidie kuandika.

Sisi tu watu wa kalamu. Kutwa twaandika na kuhifadhi karatasi za watu wengine. Itakuwa aibu kubwa ikiwa karatasi iliyoandikwa juu ya roho zetu wenyewe ndiyo pekee tusiyoisoma.

Ni sisi,
Makarani wa Makurunge