Simu kiunoni, sikio kwenye hatua

MWENDO NA PUMZI
Na Zawadi Kibwana

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya kuingia darasani, mnapangwa mistari, kiongozi anaanzisha wimbo, na miguu mia mbili inaipiga ardhi kwa pamoja. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetufundisha namna ya kukanyaga. Wimbo ndio uliofanya kazi hiyo: ukichelewa unakanyagwa kisigino na aliye nyuma yako, ukiwahi unamkanyaga wa mbele. Mwaka huu nimeukumbuka sana mchakamchaka, kwa sababu ya goti langu la kulia.

Nakimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, kila Jumamosi kutoka Kinondoni hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Mwezi wa tatu goti likaanza kuuma. Ikifika Jumapili nashuka ngazi nimeshika ukuta. Nilibadili viatu, nikapaka dawa za kila harufu, nikapumzika wiki mbili, nikarudi na maumivu yakarudi nami. Kilichokuja kunisaidia nilikuwa natembea nacho siku zote.

Ndani ya karibu kila simu janja kuna kipande kidogo mno cha silikoni, chenye kauzito kalikoshikiliwa na springi nyembamba kuliko unywele. Simu ikisukumwa, kauzito hako kanabaki nyuma kidogo, na umeme unaopimwa pembeni yake unabadilika. Hicho ndicho kihisi mwendo. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa nacho tayari, kazi yake kubwa ikiwa kuigeuza picha ya kwenye skrini pale unapoilaza simu. Mwaka 2010, iPhone 4 ikaongezewa kihisi cha pili kinachopima mzunguko. Leo hata simu za bei ya chini nyingi zina kile cha kwanza.

Ilaze simu mezani na kihisi kitasoma kama 9.8, yaani mvuto wa dunia kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba. Ifunge kiunoni ukimbie, na namba hiyo itapanda kila unapotua, kisha itashuka kuelekea sifuri ukiwa hewani. Ukiichora unapata safu ya vilima, na kila kilima ni hatua moja. Ipo programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayokuonyesha vilima hivyo vyenyewe. Haikupi maksi wala haikwambii umefanya vibaya. Naipenda kwa sababu hiyo.

Nilikuta napiga hatua 160 kwa dakika. Kilomita moja naikimbia kwa dakika 6, kwa hiyo ni hatua 960, kila hatua sentimita 104. Mimi ni mfupi. Hatua ya urefu huo naipata kwa kuurusha mguu mbele, kisigino kikatua mbali na nyonga, goti likiwa karibu limenyooka. Na mbio si kutembea: kila unapotua, ardhi inakurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Goti langu lilikuwa linaupokea mzigo huo likiwa limekakamaa, mara maelfu, kila Jumamosi.

Mwaka 2011 Bryan Heiderscheit na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Mkimbiaji akiongeza idadi ya hatua zake kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, mzigo unaobebwa na goti na nyonga unapungua. Asilimia 5 ya hatua zangu ni 8. Kutoka 160 hadi 168, hatua yangu inapungua kutoka sentimita 104 hadi 99, upana wa vidole vitatu hivi. Vidole vitatu! Nilijaribu kwa dakika tano tano, kisha kumi kumi, simu ikihesabu. Baada ya wiki sita nilishuka ngazi Jumapili bila kushika ukuta. Goti linalovimba, au linalokuamsha usiku kwa maumivu, lipelekwe hospitali. Hilo halina programu.

Mahali pa kuiweka simu pana maana kuliko watu wanavyodhani. Mkononi, inapima mkono wako, ambao unakwenda na kurudi mara moja wakati miguu inapiga hatua mbili. Kwenye mfuko wa bukta iliyolegea, inapima mfuko. Pazuri ni kiunoni, nyuma au mbele katikati, imekazwa kwa mkanda isichezecheze, karibu na pale uzito wa mwili unapokutana. Ikikaa katikati sawasawa unaweza hata kuona kama kilima cha mguu wa kulia kinazidi cha kushoto, dalili kwamba upande mmoja unauhurumia mwingine. Ila kiunoni huwezi kuuona unyayo ukitua. Programu inayodai kukueleza kila kitu kuhusu unyayo wako kwa simu iliyo kiunoni inadai makubwa mno.

Sasa nije kwenye namba inayoniudhi: 180. Kocha wa Kimarekani Jack Daniels aliwahesabia hatua wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wanapiga 180 au zaidi kwa dakika. Aliwahesabia watu wa Olimpiki wakiwa mashindanoni, kwa kasi ya mashindano. Lakini namba ikasafiri bila maelezo yake, ikawa amri kwa kila mtu. Ndiyo maana programu nyingine zinakuwashia rangi nyekundu ukiwa na 165, na nimewaona wenzangu wa klabu, watu wazima wenye afya, wakichezesha miguu kama wanaokanyaga makaa ili rangi ibadilike. Wawili wakaishia kuumwa vigimbi. Mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 8 hana deni lolote kwa 180.

Tumeshawahi kuona mchezo kama huu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kukimbia peku, wakiwemo wa Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo. Watu wakaanza kukimbilia peku na viatu vyembamba. Mwaka 2013 watafiti wengine wakatoa majibu ya Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao wamezoea kwenda peku: kwa kasi waliyoichagua wenyewe, wengi walitanguliza kisigino. Timu zote mbili zilipima vizuri. Miili na kasi ndivyo vinavyotofautiana, na anayetafuta mkanyago mmoja wa binadamu wote atatafuta sana. Ninachoomba kwa yeyote anayefunga simu kiunoni ni ajipime yeye wa leo na yeye wa mwezi uliopita, njia ile ile, kasi ile ile.

Walimu wa michezo wanaowaandaa vijana kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, nawaomba zaidi. Septemba 2025 Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Unyayo wa mkimbiaji hukaa chini muda mrefu kuliko huo, takriban sekunde 0.2, kila unapokanyaga. Kwa hiyo kila hatua ina thamani, na simu moja ya mwalimu na mkanda mmoja vinatosha kumpima kila mwanafunzi kwa dakika moja na kumwandikia hatua zake daftarini, kisha kumrudia baada ya muhula. Jina la mtoto na vipimo vyake vibaki kwenye daftari hilo. Visipandishwe kwenye programu ya mtu asiyejulikana. Na mwalimu asimkate mtoto kwenye timu kwa namba. Macho yake na maneno ya mtoto mwenyewe, "Mwalimu, hapa pananiuma," bado yanatangulia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watano wenye simu viunoni. Mama anayetuongozea nyimbo ana miaka zaidi ya sitini, na simu yake ni ya vitufe. Alipokuwa anaimba, sote watano tulisogeleana, hatua zetu zikipishana kwa mbili tatu tu. Darajani upepo ukamkata pumzi, akanyamaza, na tulipokuja kuangalia baadaye, hapo ndipo tulipotawanyika, kila mtu na mwendo wake. Nilimwonyesha vilima vile kwenye skrini. Akavitazama kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu yavyo.

"Mama," nikamwambia, "wimbo wa kurudi tuuharakishe kidogo tu. Kidogo sana."

"Kiasi gani, mwanangu?"

Nikampigia makofi kwa mwendo wa 168. Akatikisa kichwa mara nne tano akiusikiliza, akavuta pumzi, akaanza.