STAA, USIMTUPIE FUNDI LAWAMA: GARI LAKO LILINYIMWA PUMZI

Kama uko Insta wiki hii, ile klipu umeiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva kapaki Subaru yake ya tebo pembeni ya barabara usiku, moshi wa bluu umetanda nyuma, na yeye yuko laivu anamuita fundi wake "tapeli aliyeua injini". Mashabiki nao wakafanya yao. Kufika asubuhi, ukurasa wa fundi umejaa matusi na wateja wawili wameshahamisha magari yao.

Ila hapa staa kachemka.

Kwa mujibu wa watu wake wa karibu, kabla ya kupandisha presha ya tebo, fundi alimwambia: "Bosi, tuanze na mipira ya kupumulia injini, imechoka." Jibu likawa: "Hiyo nani ataiona?" Hela ikaenda kwenye rimu na eksozi ya kuamsha mtaa.

Sasa tuelewane. Injini inapumua. Kila mafuta yanapolipuka, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka chini kwenye krenki, kwenye oili. Hata injini mpya iko hivyo. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, injini inazivuta gesi hizo kupitia valvu ndogo ya PCV na kuziunguza upya. Tebo ikianza kusukuma, valvu hiyo inajifunga, gesi zinabaki na njia moja tu: mipira inayoelekea kwenye bomba la hewa kabla ya tebo.

Ukipandisha presha, gesi zinaongezeka. Mipira ikiwa ileile, myembamba na imeziba masizi, zitatokea wapi? Zinasukuma sili mpaka zivuje. Kijiti cha kupimia oili kinaruka. Oili iliyotakiwa kushuka kutoka kwenye tebo inakwama, inapenya, inaungua, na huo ndio moshi wa bluu wa kwenye klipu. Mbaya zaidi, ukungu wa oili ukiingia kwenye hewa ya injini, petroli inajilipukia kabla ya wakati. Injini inagonga, pistoni zinapasuka.

Dawa yake haina mbwembwe: valvu mpya ya PCV, mipira minene isiyojikunja, na kopo la kunasa oili kabla haijarudi kwenye hewa. Lakini kopo lenyewe liwe na vizuizi au wavu ndani. Mengi yanayouzwa ni matupu, yanang'aa tu kwa ajili ya picha ukifungua boneti. Oili inaingia huku, inatokea kule. Na kopo lazima limwagwe, likijaa ni kazi bure. Halafu kabla ya yote, ringi zipimwe. Kama zimekwisha, hakuna kopo litakaloziponya.

Fundi naye ana lake. Aliyejua mipira imechoka alitakiwa kugoma kupandisha presha, hata kama mteja ana wafuasi laki ngapi. Kumuogopa staa kumemponza. Lakini kosa la kukubali haliwi utapeli, na mtu aliyeonya hastahili kuvunjiwa jina mbele ya mashabiki wasiojua hata valvu iko wapi.

Staa akipoteza injini, atapiga shoo mbili, atanunua nyingine. Fundi akipoteza jina, watoto wake watakula nini? Kama kweli staa ni muungwana, arudi laivu ileile, kwa sauti ileile, aseme: "Niliambiwa, nikapuuza." Haitamgharimu hata bei ya rimu moja.

Na wewe mwenye tebo unayepandisha presha kila ukipata hela, leo fungua boneti. Achana na kinachong'aa, angalia mipira.

Haya wadau, nani amekosea zaidi hapa, staa au fundi? Dondosha komenti yako hapo chini, ila matusi hapana.