Mama mwenye mtoto mchanga asilipe amande ya salongo



Mwezi wa tisa unafika, mvua inaanza, msimu A unafunguliwa. Kila komite inatangaza siku za salongo: leo shamba la mbegu, wiki ijayo mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Asiyefika analipa amande. Kanuni hiyo ni nzuri, bila yake kooperative inakufa. Lakini iko mtu mmoja ambaye tunamkata amande bila haki, naye ni mama aliyezaa wiki tatu zilizopita.

Tazameni kanuni za ndani za kikundi chenu. Mara nyingi utakuta ruhusa ya mgonjwa na ruhusa ya mwenye msiba. Kuzaa hakuandikwe fasi yoyote. Basi mama analipa, ao anatuma binti yake aache masomo aje kulima kwa jina lake, ao anafunga mtoto mgongoni na kushika jembe wakati mwili wake haujapona.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya 2002, inampa mwanamke wa kazi ya mshahara wiki 14 za kupumzika: 6 mbele ya kuzaa na zisizozidi 8 nyuma yake. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, ana haki ya kupumzika nusu saa mara mbili kwa siku. Mama mlimaji hana patron wa kumuomba ruhusa hiyo. Kwa siku za salongo, patron wake ni sisi.

Wengine watasema: mama zetu wa zamani walizaa na kurudi shambani, wala hawakulalamika. Muulizeni mzee yeyote wa kike nani alimchotea maji siku zile. Atakutajia mama mkwe, wifi, dada, jirani. Leo watoto wameenda mjini ao kwenye machimbo, na mama anabaki peke yake na bidoni. Na anayeogopa kwamba watu watadanganya ili wakimbie salongo, nimuulize: mtoto mchanga mtu atamdanganya namna gani? Analia, kijiji kizima kinasikia.

Hesabu ya siku ya mama huyo ni rahisi. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku pia. Ukiweka dakika 20 kila mara, ni karibu masaa matatu mpaka manne ya kuikala tu na mtoto kifuani. Ongeza kufua vikwembe, kupika, kuni. Na maji: bidoni ya litre 20 ni kilo 20 kichwani, na kwetu njia ya chemchemi ni mlima. Kwa hiyo, wababa wenzangu, jambo la kwanza linalorahisisha maisha katika nyumba yenye mtoto mchanga halinunuliwi. Ni baba kuchota maji. Watu watacheka wakikuona njiani na bidoni. Wacheke, watazoea.

Jambo la pili lifanywe mwezi mmoja mbele ya kuzaa. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa zikauke. Unga usagwe, maharagi yachaguliwe. Kutwanga sombe ni kazi ya mikono yenye nguvu, basi wanawake wa kikundi wapokezane, leo huyu, kesho yule. Na mama asile bukari na chumvi. Anayenyonyesha anakula kwa ajili ya watu wawili: maharagi, lengalenga, parachichi, sambaza kidogo kama franka iko. Mtoto yeye ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Hata maji hapana, hata ya sukari. Tate zetu wanapenda kuonjesha, tuwaeleze kwa heshima. Kwenye kitovu pia hapana kuweka majivu wala dawa ya majani, kikauke chenyewe.

Siku mama anaporudi shambani, na yeye tumrahisishie. Apewe upande ulio karibu na nyumba. Tujenge kivuli cha majani pembeni ya shamba, tutandike mkeka, tufunge chandarua juu ya mbu na siafu, na mama mmoja mzee abaki pale na watoto. Siku yake ihesabiwe kama siku ya kulima, maana ni kazi. Mtoto akilia, mama aache jembe aende kunyonyesha, na mtu asimtazame vibaya. Kama shamba ni mbali, anaweza kukamua maziwa katika kikombe kilichooshwa na maji ya moto na kufunikwa. Fasi yenye baridi kama milimani kwetu yanaikala masaa manne. Anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe, si kwa bibero, juu bibero ni ngumu kusafisha.

Dawa za kunyunyizia ni hatari, nasisitiza. Mama anayenyonyesha asichanganye dawa, asibebe pompi, asishike mbegu zilizopakwa dawa. Baba aliyenyunyizia asimpokee mtoto mbele ya kuoga na kubadilisha nguo. Chupa tupu ya dawa isiingie jikoni hata siku moja.

Kituo cha afya nacho kina ratiba yake. BCG na matone ya polio ni wakati wa kuzaliwa, halafu mtoto anarudi kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Komite iulize muganga siku ya chanjo ni gani, na salongo isipangwe siku hiyo. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na moto ao baridi isiyo ya kawaida, akihema mbio, ao mama akivuja damu nyingi, hapana kungoja asubuhi. Ni pikipiki mara moja. Hapa ndipo muso zetu zinanishangaza. Mtu akikufa, mfuko wa jamii unatoa franka ya sanduku siku ile ile. Mama akipelekwa usiku na mtoto anayehema mbio, tunaanza kukutana.

Mkutano mkuu wa mbele ya msimu unakaribia. Nawaomba mlete mapendekezo mawili yapigiwe kura. La kwanza: mwanamke aliyezaa asiitwe kwa salongo wiki 14, bila amande, na jina lake libaki kwenye orodha ya mbegu. La pili: mfuko wa jamii wa muso ulipe pikipiki ya mzazi na ya mtoto mchanga usiku ule ule, karatasi zitafuata kesho.