Barua ya Karani: Herufi Zinapobadili Vazi

Juma hili nawaeleza kosa langu mwenyewe, lisije likawapata na ninyi. Lilianza kama kosa dogo la kompyuta, lakini mwisho wake lilimpa mtoto msimamizi asiye wake.

Mwaka jana, siku za Kipaimara zilipokaribia, makatekista wa vigango waliniletea majina ya watoto 43 pamoja na wasimamizi wao. Wengine walileta karatasi, nami nikaandika jina moja moja. Wengine walituma kwa simu, nikayanakili na kuyabandika katika ukurasa wangu. Mwalimu mmoja alileta faili lake katika flashi, nalo nikalibandika vile vile. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa kama watu waliovaa mitumba: huyu koti kubwa, yule kaptula, mwingine kofia ya baridi. Herufi za jina hili nene, za jina lile nyembamba, na nyingine zina mikia.

Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi. Nikachagua mstari mmoja, nikabadili herufi. Nikachagua wa pili, nikabadili tena. Lakini kila nilipogonga Enter kuongeza jina katikati, herufi za zamani zilirudi. Nikadhani mashine imeharibika. Saa mbili zilipita. Mwishowe ukurasa ulipendeza machoni, nikauweka katika flashi nikaenda mjini Kibondo kuuchapisha.

Jumapili nikaubandika kwenye ubao wa matangazo. Baada ya Misa akanijia bibi mmoja, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, mimi macho yangu ni ya kizee, lakini hapa naona mjukuu wangu amepewa msimamizi wa mtoto wa jirani. Msimamizi wake ni shangazi yake, nasi tulikwisha kumwambia."

Nilitazama, nikaona haya. Bibi alisema kweli. Tangu mtoto wa 17 kushuka chini, wasimamizi walikuwa wamesogea mstari mmoja. Nanyi mwajua kwamba Kipaimara huandikwa pia katika daftari la ubatizo, na daftari hilo ndilo linaloulizwa mtu anapotaka kufunga ndoa. Kama ningaliyaandika majina daftarini kwa kuifuata karatasi ile, watoto wale wangalibeba kosa langu mpaka utu uzima.

Nilirudi ofisini nikatafuta chanzo. Nikaona kwamba mambo manne yalikuwa yamekutana.

La kwanza, maandishi ukiyanakili kutoka mahali pengine, hayaji peke yake. Huja na amri zilizofichika zinazosema: mimi ni wa herufi fulani, ukubwa fulani, rangi fulani. Hata mafaili ya Microsoft Word yenyewe hayafanani. Mpaka Word ya mwaka 2003, ukurasa mpya ulianza kwa herufi ziitwazo Times New Roman, ambazo gazeti la The Times la London lilianza kuzitumia mwaka 1932. Tangu Word ya mwaka 2007 ukaanza kwa Calibri. Tangu mwaka 2023 Microsoft ilianza kuleta nyingine ziitwazo Aptos. Kwa hiyo ukichanganya faili la zamani na la sasa, hukosi kuona mavazi tofauti.

La pili, mwisho wa kila aya kuna alama isiyoonekana, nayo pia inashika amri ya herufi. Mimi nilibadili maneno, alama ile nikaiacha na vazi lake la zamani. Ndiyo sababu nilipogonga Enter, mstari mpya ulivaa nguo nisizozitaka. Ukitaka kuziona alama hizo, gonga Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Ukigonga tena zitajificha.

La tatu, faili la Word kwa kawaida halibebi herufi zenyewe. Hubeba jina lake tu. Ni kama barua inayoagiza, "Mtoto avae kanzu nyeupe." Ikifika nyumba isiyo na kanzu nyeupe, watamvika nguo nyingine iliyopo. Kompyuta ya dukani haikuwa na herufi nilizozichagua mimi, ikavalisha nyingine zilizo pana zaidi.

La nne ndilo lililoleta aibu. Ili majina ya wasimamizi yakae upande wa kulia, nilikuwa nimegonga kitufe kirefu cha nafasi mara nyingi, badala ya kuchora jedwali. Herufi zilipokuwa pana, mstari wa 17 ulijaa, na jina la msimamizi likaangukia chini, pembeni mwa mtoto wa 18. Mchapaji, kwa nia njema, akafuta pengo lililobaki ili ukurasa upendeze. Nami sikusoma tena.

Zamani katika viwanda vya uchapaji, vitabu vilipopangwa kwa herufi za risasi, kila aina ya herufi ilikuwa na sanduku lake lenye vyumba vingi. Kazi ikiisha, herufi zilirudishwa vyumbani. Kijana akitupa herufi moja katika sanduku lisilo lake, siku nyingine ingechomoza katikati ya neno, na fundi angeshangaa imetoka wapi. Kosa lilitendeka jana, likaonekana leo. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo usipake chokaa juu ya ukuta wenye ufa. Ondoa amri iliyofichika.

Dawa yake ni hii, na vijana wetu walioko sekondari waikate karatasi hii waiweke.

Unapobandika maandishi ya kigeni, usiyabandike hivi hivi. Baada ya kubandika, hujitokeza kijisanduku kidogo pembeni. Kifungue, uchague maneno yasemayo Keep Text Only, yaani maneno matupu bila nguo zake. Word za siku hizi hufanya hivyo hivyo ukigonga Ctrl, Shift na V.

Ikiwa ukurasa umekwisha kuchafuka, shika Ctrl na ugonge A, ili kuchagua yote pamoja na zile alama zisizoonekana. Kisha shika Ctrl na ugonge kitufe kirefu cha nafasi. Herufi zitavua nguo za ugeni. Kama mistari mingine bado imekaidi, ichague, ugonge Ctrl, Shift na N, irudi katika mtindo wa kawaida. Lakini angalia: maneno uliyoyakoleza au kuyalaza yatapoteza pambo hilo. Basi safisha kwanza, pamba baadaye.

Kisha rekebisha mtindo wenyewe. Juu ya ukurasa kuna kisanduku kilichoandikwa Normal. Kigonge kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, weka herufi na ukubwa upendao. Hapo ukurasa wote unaofuata mtindo huo utabadilika mara moja. Na kama una mtindo wa vichwa vya habari ambao ukigusa kichwa kimoja vyote vinageuka, tazama katika dirisha lile lile kama pana alama mbele ya maneno Automatically update, uiondoe.

Wale mnaotumia LibreOffice, programu isiyouzwa, gongeni Ctrl na M kufuta mavazi, na Ctrl, Alt, Shift na V kubandika maneno matupu. Programu hiyo ilitokana na OpenOffice, ile ile ambayo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Mwisho, orodha ya majina iwe katika jedwali, na faili la kupeleka dukani liwe PDF. PDF kwa kawaida hubeba herufi zake ndani, hivyo linaonekana dukani kama lilivyoonekana kwako.

Labda mwingine atasema, "Mimi sina kompyuta, nalima maharage yangu, haya yanihusu nini?" Yanakuhusu, ndugu. Barua ya mtoto wako ya kuomba kazi, orodha ya akiba ya kikundi chenu, ratiba ya mazishi ya mzee wako, yote hupita katika mashine hizo. Ukienda kuchapisha, omba kuona ukurasa kwenye kioo kabla hujalipa. Hesabu kurasa kama ni zile zile. Soma kila jina, na kila namba ya fedha, ukilinganisha na karatasi yako ya mkono. Usione haya, fundi mwema hatakasirika.

Mimi niliiandika orodha upya katika jedwali, nikailinganisha na karatasi za makatekista, jina kwa jina, mtu mwingine akinisomea. Jumapili iliyofuata bibi yule alisimama mbele ya ubao, akapitisha kidole polepole mpaka kwa mjukuu wake, akakivusha upande wa kulia.

"Sasa ndiye shangazi," akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sibandiki karatasi ya majina kabla mtu wa pili hajaisoma.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi Karani wenu,
Busunzu, Kibondo.