Msiitupe Mbegu ya Wazee

Enyi wakulima wa Kilosa na Mikumi, mbegu mpya ifikapo kijijini, wengi huila ile ya zamani hata punje ya mwisho. Kwa maoni yetu hilo ni kosa kubwa.

Mbegu mpya huzaliwa na mbegu za kale. Katika kituo cha Ilonga, kilichoanzishwa mwaka 1943 hapa Kilosa, wataalamu huchagua na kuoanisha mbegu za namna nyingi. Mahindi ya TMV-1, yaliyotolewa mwaka 1987 na yanayostahimili ugonjwa wa milia, ni tunda la kazi ya namna hiyo.

Tazameni na kahawa. Kutu ya majani ilionekana Ceylon, yaani Sri Lanka, mwaka 1869, ikaangamiza mashamba. Katika miaka ya 1920, kisiwani Timor, ulionekana mbuni mmoja, mchanganyiko wa Arabika na Robusta, ulioishinda kutu ile. Leo uzao wake umo katika mibuni ya nchi nyingi. Je, kama ungalikatwa kuwa kuni?

Basi pandeni mbegu mpya, lakini tengeni kipande cha mtama na kunde za wazee wenu. Chagueni masuke yangali shambani, tena ya mimea mingi, si mmoja. Yakausheni vema, mkahifadhi punje kibuyuni pamoja na majivu. Mahindi ya zamani yapandeni mbali na mapya, kwani upepo huchanganya chavua. Mbegu ikiisha kupotea, hakuna fedha ya kuirudisha.