Kichanga Asipakatwe Garini

Mama anaporuhusiwa kutoka wodi ya wazazi na kupanda Land Cruiser kurudi kijijini, huambiwa ampakate mwanawe vyema. Gari lenyewe ni imara. Lakini uimara wa gari si usalama wa mtoto. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, kichanga wa kilo 4 huchomoka kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 80 au zaidi. Hakuna mikono ya mzazi iwezayo kumzuia.

Kiti cha usalama kifungwe kwenye safu ya nyuma inayoelekea mbele, naye mtoto atazame nyuma, ili mgongo wake wote upokee kishindo badala ya shingo changa. Kisifungwe kwenye mabenchi ya ubavuni, wala mbele ya mfuko wa hewa. Mkanda ukazwe hata kiti kisicheze zaidi ya sentimita 2.5, na ukaguliwe tena baada ya kila kipande cha makorongo.

Kabla ya kuwaruhusu wazazi, twawafundisha unyonyeshaji na chanjo. Safari ya kwanza ya mtoto nayo ni sehemu ya tiba. Funzo lake lianzie wodini.